Mguu Usiolala

Mtaani walimwita Bi Bandeji, wala hakuchukia. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha vidonda miaka thelathini na mmoja, akastaafu na mkasi wake mfukoni, na hata sasa watu walimletea vidole vilivyokatwa na visu vya jikoni kabla hawajafikiria kwenda kwingine. Alijisifu kwa jambo moja tu, lakini kwa hilo alijisifu hasa: hakuna kidonda cha kisukari kilichopita mikononi mwake kikaishia kwenye msumeno. Kimoja kilichukua miaka miwili, na mwenye nacho akafa kwa ugonjwa mwingine kabisa huku kidonda kimeshafunga vizuri. Hicho nacho alikihesabu kuwa ushindi.

Basi kaka yake mkubwa, fundi cherehani, alipotoboka chini ya dole gumba la mguu wa kulia, Bi Bandeji alifunga nyumba yake akahamia kwa kaka na begi la nguo na boksi la dawa. Fundi mwenyewe alikuwa hana habari. Ni mkewe aliyeona madoa sakafuni, akauliza nani ameumia, na mume akaangalia miguu yake kama mtu anayeangalia miguu ya jirani. Pini ilikuwa imemwingia na kukaa humo siku nne kama mpangaji. Husemwa kwamba mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Aliyesema hivyo hakuwa na kisukari cha miaka ishirini, miguu imekufa ganzi mpaka kwenye kifundo.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mtoto wa mwisho wa Bi Bandeji, ila hakuwa na mchezo. Aliweka karatasi ya nailoni yenye miraba juu ya kidonda, akakizungushia mstari kwa kalamu, akahesabu miraba iliyoingia ndani. Ishirini na minne.

"Nawapa wiki nne," alisema. "Kikipungua nusu, tunaendelea na dawa. Kisipopungua, mzee wangu, picha inaonyesha mfupa uko jirani sana. Itabidi tukate chini ya goti kabla hakijapanda."

"Chini ya goti wapi?" Fundi akauliza.

Daktari akaweka kiganja kwenye muundi wake. Fundi akakitazama kile kiganja, na dada yake akamwona akipima kwa macho, kutoka kiunoni hadi hapo, kama anavyompima mteja. Mazoea hayana adabu.

"Mguu huu haukatwi, Kaka," Bi Bandeji alimwambia walipotoka. "Niko hapa mimi."

"Umesema wewe. Mimi mguu wenyewe hata sisikii kama upo."

Alipanga chumba cha kaka yake kwa mkono wake. Kitanda cha chuma alikisukuma hadi upande wa miguuni ukagusa ukuta, asije mtu akaugonga mguu akipita. Mto aliuweka chini ya mashavu ya miguu ili kisigino kielee kisiguse godoro, kwa sababu kisigino kinachoguswa siku nzima nacho huoza. Shuka alilitundika juu ya vyuma vya miguuni mwa kitanda, likawa kama hema, lisije likalalia kidonda. Wifi yake, mke wa Fundi, alisimama mlangoni akakiri kwamba hata hospitali ya kulipia haipangi vizuri namna hiyo. Bi Bandeji hakukataa sifa.

Kila asubuhi baada ya chai Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, mguu juu ya kigoda. Dada alikosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaparua sugu iliyokizunguka kwa kiwembe cha kazi, akapaka dawa, akaweka shashi, akafunga bandeji. Fundi alisoma gazeti muda wote huo. Kwenda chooni alikwenda kwa magongo mawili, mguu wa kulia umening'inia. Baada ya chakula cha mchana alilala, saa nane mpaka saa kumi, mlango umefungwa, kwa sababu tangu ujana wake hakuweza kulala mtu akimtazama.

Sauti ilisikika Alhamisi ya wiki ya kwanza.

Bi Bandeji alikuwa uani anasugua beseni. Tika-taka, tika-taka, tika-taka. Kimya. Kisha tena. Alikuwa mtoto wa fundi na dada wa fundi. Sauti ya cherehani ya kukanyaga aliijua kama wengine wanavyojua kikohozi cha mama yao. Ilitoka chumba cha kazi, kile kilichopakana na chumba cha kulala. Akajua kaka yake ameamka kumalizia sare za watu kwa siri. Alikimbia na mikono yenye povu, hasira zimempanda, akausukuma mlango wa chumba cha kazi, bawaba zikalia kama zilivyolia miaka yote.

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa chake. Kiti kilikuwa kimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, kama alivyokiacha yeye mwenyewe Jumatatu. Hapakuwa na mtu, na sauti ilikuwa imekoma.

"Nani huyo anapigapiga milango?" Fundi akauliza kutoka kitandani kwake, sauti nzito ya usingizi.

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya Bi Bandeji uani, ungo mkononi. "Na wewe umesikia," alisema. "Mimi nasikia tangu Jumanne. Nilidhani ni masikio yangu."

"Ni panya."

"Wifi, panya anajua kushona?"

Wifi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Cherehani ile ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee, aliyekatwa mguu wa kulia kwa ugonjwa huu huu, akafa miezi mitatu baadaye. "Amekuja kumsubiri mwanawe," alisema, na kuanzia siku hiyo alikuwa akipita mbele ya mlango wa kazini kwa upande upande.

Bi Bandeji hakuamini mizimu. Aliamini vijidudu, na vijidudu vilikuwa vinamshinda. Kila asubuhi alipofungua bandeji aliikuta imechakaa chini ya unyayo, shashi imesagika kuwa nyuzi, dawa imepakaa mpaka kati ya vidole. Wiki ya kwanza alitumia iodini, akakichora kwenye karatasi alizopewa na Daktari: miraba ishirini na miwili. Wiki ya pili akahamia krimu ya madini ya fedha, ile nyeupe nzito: ishirini na mitatu. Wiki ya tatu akaleta asali ya hospitali, iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, ambayo haikuwahi kumwangusha. Ishirini na mitano. Dawa zilipokezana kama wakimbiaji wa kijiti, na kidonda kikakaa palepale kikiwatazama.

"Unamruhusu atembee," alimwambia wifi yake.

"Mimi?"

"Bandeji inaisha soli. Bandeji ya mtu aliyelala haiishi soli."

"Huyu mtu hajakanyaga chini tangu uje. Nimemlisha, nimembeba, nimemwogesha. Ukitaka wa kumlaumu, nenda kamlaumu baba yako humo ndani, ndiye anayeshona."

Fundi alishusha gazeti. "Sijakanyaga, dada yangu," alisema taratibu. "Naapa. Lakini pia ningekanyaga, ningejuaje?"



Wifi ndiye aliyetoa mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaofunga gurudumu na pedali. Bi Bandeji alimwona na hakumkataza, jambo ambalo alilionea aibu baadaye. Cherehani isiyo na mkanda haishoni, hata ikiwa na majini saba. Kesho yake saa nane na nusu, tika-taka, tika-taka. Wifi akaangusha sahani.

Basi wakaitoa nje kabisa. Wanaume wanne waliibeba kwa nguzo zake za chuma, wakaivusha barabara, wakaiweka kibandani kwa fundi viatu. Fundi aliwasikia wakihema kupita mlangoni kwake. Alikuwa akishonea cherehani hiyo tangu ana miaka kumi na minne.

"Mmenitoa kazini kabla ya daktari," alisema, akageukia ukuta. Hakula mchana huo.

Saa nane ilipofika siku iliyofuata, wanawake wawili walikaa uani, kila mmoja akijifanya ana kazi. Jua lilikuwa kali, nguo zilikuwa zimekauka kambani, redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo. Walikaribia kucheka. Ndipo ikaanza. Tika-taka, tika-taka, tika-taka.

Wifi alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka nje ya geti, akavuka barabara, akaenda kukaa mbele ya cherehani kibandani kwa fundi viatu, akaikodolea macho. "Huku haijashona," alisema baadaye. "Nimeitazama muda wote."

Bi Bandeji alibaki peke yake. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini zilikuwa zimebaki siku tisa, na mtu aliyebakiwa na siku tisa huingia popote. Mlango wa kazini ulikuwa wazi tangu cherehani itolewe, kwa hiyo mara hii bawaba hazikulia. Aliingia bila viatu. Chumba kilikuwa kitupu, alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, vipande vya uzi, sindano moja iliyosahaulika. Na sauti ilikuwamo humo. Haikukoma alipoingia. Ilikuwa imemzunguka, ya mtu mtulivu anayefanya kazi yake vizuri, na alipoweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa unatetemeka.

Ukuta ule, upande wa pili, ulikuwa wa chumba cha kaka yake.

Alizunguka, akasukuma mlango wa chumba cha kulala kwa kidole. Fundi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Mikono yake ilikuwa imetulia tumboni. Ila kule mwisho, shuka lililotundikwa kama hema lilikuwa linapumua. Bi Bandeji alilinyanyua.

Mguu wa kulia ulikuwa unashona. Kisigino kilielea hewani vilevile alivyokipanga, na kwa sababu kilielea, sehemu ya mbele ya unyayo ilikuwa imepata vyuma viwili vya kitanda na kuvifanya pedali. Vidole chini, kisigino chini. Vidole chini, kisigino chini. Kila ulipokanyaga, kitanda kilicholegea skrubu kilijigonga ukutani mara mbili. Bandeji ilikuwa imeloa, asali na damu vimechanganyika vikawa rangi ya chai. Mwenye mguu alikuwa mbali kabisa na jambo hilo. Ilikuwa kama kumkuta mtu mgeni ndani ya kitanda cha kaka yake, mchana kweupe, anafanya kazi.

Ndipo akaelewa kwa nini sauti ilikoma kila walipoufungua mlango wa kazini. Bawaba zilimwamsha Fundi, na Fundi akiamka mguu unaacha. Akaelewa na mengine. Aliyekisukuma kitanda ukutani ni yeye. Aliyeinua kisigino ni yeye. Aliyefunika kwa shuka asione mtu ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo alikuwa amezitandika mwenyewe. Karatasi za nailoni za wiki tatu alizokuwa nazo mfukoni zilikuwa zimemwambia, lau angezitazama: kidonda kilikuwa kimeota kingo mbili zilizonyooka, na ngozi ya mtu haichaniki kwa rula.

Alipitisha mkono wake kati ya unyayo na chuma. Mguu ukaukanyaga mkono. Aliushika kwa nguvu, na mguu ukasubiri, kwa subira, kama fundi anayesubiri uzi ufunguliwe fundo. Alipolegeza, ukaendelea.

Alimwambia Wifi siku hiyohiyo. Fundi hawakumwambia, na Daktari pia hapana. "Tutasema akipona," Bi Bandeji alisema, na Wifi, ambaye hakuwa mjinga, alimtazama machoni akaona ni fahari ndiyo inayoongea, akaiacha.

Walikigeuza kitanda. Mguu ukakanyaga hewa, ukitafuta, mpaka ukapata ukingo wa godoro. Walijaribu kuufunga kwa bandeji, ukajikwangua kifundo. Mwishowe Bi Bandeji alifanya kitu kimoja kilichobaki. Kila mchana, Fundi akishapitiwa na usingizi, aliingia bila viatu, akakaa kitako kitandani, akaupakata mguu wa kaka yake kwenye mapaja, taulo chini ya kisigino, kidonda kimeelekea hewani kisiguse kitu, akaupokea kwa viganja viwili kuanzia saa nane hadi saa kumi. Usiku mguu ulilala kama wa mtu mwingine yeyote.

Siku ya kwanza alisali. Siku ya pili alisinzia. Siku ya tatu alianza kuhesabu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi na kichwa hakikuwa nayo. Mguu haukukanyaga ovyo. Ulikwenda mara mia, ukapumzika, kama mtu anayegeuza kitambaa. Mara mia tena, ukapumzika. Kisha arobaini. Arobaini tena. Kisha kumi na tano za haraka, za kumalizia, na kazi ikaanza upya.

Siku ya nne alihesabu tena, ikawa hivyohivyo, na mtoto wa fundi hawezi kukosea: mshono mrefu wa nje na mshono mrefu wa ndani ni mguu mmoja wa suruali. Mishono miwili mifupi ni mguu wa pili. Kumi na tano ni pindo la kuufunga mwisho wake. Mguu wa kaka yake ulikuwa unashona suruali ya mtu mwenye mguu mmoja.

Alitamani kuutupa chini akimbie. Hakuutupa.

Suruali hizo alizijua. Siku moja kabla ya Mzee kukatwa, Fundi, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitatu asiyejua njia nyingine ya kuonyesha mapenzi, alichukua suruali tatu za baba yake, akafupisha mguu wa kulia wa kila moja, akaufunga kwa pindo safi, akazipiga pasi, akazitundika ukutani ili baba akirudi azikute tayari. Mzee alikuwa hajakubali bado kukatwa. Alizitazama kwa muda mrefu. "Kumbe nyinyi mmeshanikata," alisema. Kesho yake alikwenda, akakatwa, akarudi, akakaa miezi mitatu bila kuvaa hata moja. Tangu hapo Fundi hakuwahi kuzitaja.

Jumatatu ya mwisho waliwekwa foleni mpaka saa nane kasoro. Fundi alipopandishwa kitanda cha kupimia alikuwa amechoka, akafumba macho. Daktari, kwa heshima ya mkongwe, alimpa Bi Bandeji karatasi ya nailoni na kalamu. "Chora wewe, mama. Mkono wako hautetemeki." Akarudi mezani kuandika.

Kidonda kilikuwa kimebadilika. Mtu yeyote mwenye macho angeona: chini kilikuwa chekundu chenye afya, kingo zimelala, zimeanza kutambaa kuelekea katikati. Siku tisa tu. Lakini Bi Bandeji alikipima kwa jicho, na jicho likamwambia kumi na nne. Walihitaji kumi na miwili.

Aliweka kalamu ukingoni. Wakati huo Fundi akakoroma.

Vidole chini, kisigino chini. Bi Bandeji hakuisogeza kalamu. Hilo aliweza kuapa mbele ya Mungu. Kalamu ilisimama na mguu ukatembea chini yake, polepole, kwa ustadi, ukajichorea mstari wenyewe. Ulipofika pale ambapo kidonda kilitokeza kama pembe, ukakata ndani. Ukafunga duara. Ukatulia.

Daktari alikuja, akaichukua karatasi, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na miwili." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Nusu kamili. Mzee wangu amepona kisu."

Wifi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakampitia vidoleni. Fundi aliamka kwa sauti zao. "Amesema nini?" akauliza. "Dada, amesema nini?"

Alichotakiwa kufanya Bi Bandeji ni kunyamaza tu. Mguu ulikuwa umejitetea wenyewe, na yeye ni nani auingilie? Lakini alikuwa ameona katika miaka thelathini na mmoja kidonda kinavyodanganywa kwenye karatasi na kinavyokuja kujilipa kwenye mfupa. Pia alikuwa amechoka. Fahari ni mzigo, na alikuwa ameibeba pamoja na mguu.

"Futa hiyo, Daktari," alisema. "Nichore upya. Wifi, njoo umshike kaka kisigino, kwa nguvu."

Akachora. Miraba kumi na minne. 

"Sijamaliza," akasema, na akasema yote, mbele ya kaka yake, akiutazama unyayo kwa kuwa nyuso hakuweza. Kitanda, mto, shuka, vyuma viwili. Iodini, fedha, asali. "Nimebadilisha dawa mara tatu nikidhani dawa ndiyo mbovu. Kidonda kilikuwa kinakanyagwa kwa saa mbili kila siku, na mimi ndiye niliyekiwekea cha kukanyaga. Nimewafundisha wauguzi wangapi, toa uzito kwanza, dawa baadaye. Cherehani ya watu tumeitoa nje kwa makosa yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hata ungepaka dhahabu," alisema.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku tisa zilizopita. Toka hapo hakijagusa kitu."

Daktari akazipanga karatasi zote dirishani, moja juu ya nyingine, akazitazama zikimulikwa na jua: ishirini na minne, ishirini na miwili, ishirini na mitatu, ishirini na mitano, kumi na minne.  "Kisu nilikiahidi kwa kidonda kisichopona," alisema. "Hiki kinapona. Kilikuwa kinazuiwa. Mngenipa kumi na miwili yenu ningewaruhusu na bandeji, na mzee angerudi hapa bila mguu. Sasa tunaufunga plasta mpaka chini ya goti, uzito usambae mguu mzima usikae mahali pamoja, na nawapa wiki mbili."

  Fundi alipolazwa nyumbani, mguu mweupe kama nguzo, ndipo alipouliza.

"Unashona nini?"

Bi Bandeji alikuwa amesema ukweli mwingi siku hiyo, akaona mmoja zaidi hautamuua. "Suruali za Mzee."

Fundi alifumba macho. "Nilijua. Kila mchana naota nazipiga pasi." Kisha, baada ya muda, "Silali tena mchana. Nikilala unafanya kazi."

"Utalala. Niko hapa."

"Mkono wako uko wapi?"

"Chini ya unyayo."

"Sisikii."

"Najua, Kaka. Lala."

Plasta haikuuzuia mguu, iliufanya tu usijidhuru. Mchana baada ya mchana ulimgonga dada mapajani kama mtu anayebisha hodi kwa mkono uliofungwa kitambaa. Mia, mia, arobaini, arobaini, kumi na tano. Kila walipofika arobaini ya kwanza aliuma meno, akauambia kwa sauti ya chini usisimame, na kila mara ulisimama.

Wiki ya pili ilipoisha Daktari alikata plasta, akachora mwenyewe, akahesabu miraba sita. Hakutabasamu. Aliandika katika faili kwamba upasuaji umefutwa, akageuza faili ili Bi Bandeji asome kwa macho yake. Wifi hakurudi nyumbani nao. Alishuka kwa fundi viatu kutafuta wanaume wanne.

Fundi alilala mapema siku hiyo, plasta mpya bado ina unyevunyevu. Dada akakaa mahali pake. Mia. Pumziko. Mia. Pumziko. Akaanza kuhesabu mshono wa tatu bila kutaka. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Alizuia pumzi. Mguu uliendelea, kwa mwendo uleule, bila haraka, sitini, themanini, na yeye akawa anahesabu kwa sauti sasa, mpaka mia. Ukapumzika. Ukageuza kitambaa. Ukaenda mia nyingine, ukapiga pindo, ukatulia mikononi mwake, mzito na wa vuguvugu, mguu wa mtu aliyelala.

Alimsubiri aamke mwenyewe.

"Leo imekuwaje?" Fundi aliuliza.

"Umeshona yote miwili, Kaka. Miguu yote miwili, mirefu, sawasawa."

"Umehesabu vizuri?"

"Mimi ni mtoto wa nani?"

Mwanamume wa miaka sitini na minane alijifunika uso kwa shuka, akamlilia baba yake kwa sauti kubwa, kama ambavyo hakumlilia siku ya kumzika. Ng'ambo ya barabara wanaume wanne waliokuwa wamenyanyua cherehani walisikia kilio, wakaishusha chini, wakasimama wasijue waingie au wangoje. Wifi akawaambia waingie.